UZI: Seli inajuaje mahali pa kuweka methili? Kuvu ya rangi ya chungwa na kazi ya Eric Selker

Msomadarubini (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam. Mara nyingi epijenetiki, yaani elimu ya alama zinazoongoza kazi ya jeni bila kubadilisha herufi za DNA, inapojadiliwa hapa, umethilishaji wa DNA huelezwa kama swichi iliyofungwa juu ya jeni: ikibonyezwa jeni inalala, ikiachiwa jeni inaamka. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaliruka swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni hili: seli inajuaje mahali pa kuiweka alama hiyo? Nimeanzisha uzi huu ili nieleze jinsi swali hilo lilivyofuatiliwa kwa miaka mingi katika maabara ya Eric Selker, Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Eugene nchini Marekani, kwa kutumia kuvu iitwayo Neurospora crassa.

Tuanze na alama yenyewe. DNA huandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C. Umethilishaji ni kitendo cha kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia ndani ya seli, kubandika kundi dogo la methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu, juu ya herufi C. Herufi haibadiliki, inasomwa C vilevile na inashikana na G vilevile. Kinachobadilika ni namna protini za seli zinavyoichukulia sehemu hiyo ya DNA. Kwa panya, kukiharibu kimeng'enya kikuu cha kazi hii huua kiinitete tumboni, jambo lililoonyeshwa mwaka 1992, na hapo ndipo mtafiti anapokwama, kwa sababu ni vigumu kuchunguza kwa utulivu mtambo ambao ukiufungua tu kiumbe kinakufa. Neurospora haimkwamishi mtu hivyo. Unaweza kuiondolea methili yote, hadi ya mwisho, na ikaendelea kukua vizuri. Wapo wanaoiona hali hiyo kuwa sababu ya kuidharau, wakisema kwamba alama isiyohitajika haina la kutufundisha. Mimi naiona kuwa ndiyo thamani yake, kwa kuwa kila kipande cha mtambo kinaweza kutolewa kimoja baada ya kingine na kuvu ikabaki hai ili ituonyeshe kilichopungua.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, Neurospora ikistawi ndani ya chupa hutoa unga wa rangi ya chungwa iliyokolea, nao ni mwepesi kiasi kwamba anayefungua chupa bila uangalifu huukuta umeota kwenye sahani za maabara za wenzake siku chache baadaye. Hiyo ndiyo kuvu iliyowasumbua waokaji wa mikate nchini Ufaransa mwaka 1843. Ikikutanishwa na mwenzake wa jinsi ya pili hutoa vitunda vidogo vyeusi vyenye mdomo, na vitunda hivyo hurusha spora kwa nguvu hadi zikanata kwenye kifuniko cha sahani. Ndani ya kitunda, spora nane hupangika kwenye kifuko chembamba kama shanga zilizotungwa, kwa utaratibu unaofuata jinsi kromosomu zilivyogawanyika. Spora hizo haziamki mpaka zipashwe joto, na maabara nyingi huzipasha nyuzi 60 kwa nusu saa au zaidi. George Beadle na Edward Tatum waliitumia kuvu hii hii mwaka 1941 kuonyesha kwamba jeni huongoza utengenezaji wa vimeng'enya, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1958.

Selker aliingia kwenye methili kwa mlango wa pembeni. Alipokuwa Stanford, katika maabara ya Charles Yanofsky, alikuwa akichunguza jeni za 5S, ambazo hutoa kijenzi kimoja kidogo cha ribosomu, mtambo wa seli wa kutengenezea protini, na ambazo katika Neurospora zimetawanyika huku na huku kwenye kromosomu badala ya kukaa pamoja. Moja kati ya sehemu hizo ilikuwa na tabia ya ajabu. Kipande cha herufi 800 hivi kilikuwa kimejirudia mara mbili, nakala ya pili ikifuata ya kwanza moja kwa moja, lakini nakala hizo hazikufanana tena barabara, na sehemu yote ilikuwa imejaa methili wakati DNA iliyoizunguka haikuwa nayo. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 1985, na sehemu hiyo ikapewa jina la zeta-eta.

Ningependa msomaji asimame hapo kidogo. Mtu mwingine angeandika kwamba sehemu hii ina methili, akaendelea na jeni zake za 5S. Selker na wenzake waliuliza kama methili ile ilikuwa kumbukumbu tu ya jambo la zamani, inayorithishwa seli hadi seli, au kama herufi zenyewe ndizo zinazoiita. Walikichukua kipande kile, wakakizalisha ndani ya bakteria ambako kiliipoteza methili yake yote, kisha wakakirudisha kwenye Neurospora. Methili ilirudi, na ilirudi kwa mpangilio uleule. Mwaka 1987 walitangaza kwamba kipande hicho hubeba ishara yake popote kinapopelekwa.

Sasa swali likawa: nani aliziandika herufi hizo zinazoita methili? Jibu lilitoka kwenye majaribio ya kuingiza nakala za ziada za DNA. Kuvu iliyopewa nakala ya pili ya kipande fulani ilikua bila tatizo lolote ilipokuwa ikijizalisha bila kujamiiana, lakini watoto waliotokana na kujamiiana walionyesha mabadiliko makubwa katika nakala zote mbili, ile ya kuingizwa na hata ile ya asili. Mwanzoni watafiti walidhani kwamba DNA ilikuwa imepangwa upya, wakaliita tukio hilo kwa jina la kupangwa upya ambalo kwa Kiingereza hufupishwa RIP. Mwaka 1989, herufi zilipokuja kusomwa moja moja, ilidhihirika kwamba hakuna kilichopangwa upya: jozi za G na C zilikuwa zimegeuzwa kuwa A na T, kwa mamia, ndani ya nakala zilizojirudia tu. Maana ya jina ikabadilishwa kuwa badiliko la herufi linalochochewa na marudio, na herufi tatu za kifupisho zikabaki zilezile.

Nimeurudia ukweli huu mara nyingi na bado unanishika. Baada ya utungisho, viini viwili vya wazazi hukaa ndani ya seli moja bila kuungana, vikigawanyika sambamba. Katika kipindi hicho, kabla ya kuungana na kabla ya meyosisi, yaani mgawanyiko unaozaa spora, kila kiini huikagua DNA yake kikitafuta kitu kilichoandikwa mara mbili. Kikikipata, huziharibu nakala zote mbili, na katika kizazi kimoja tu takriban asilimia 30 ya jozi za G na C zilizomo zinaweza kubadilishwa. Jeni iliyoandikwa mara moja haiguswi. Adui anayelengwa anajulikana: ni zile jeni zinazorukaruka, transposoni, ambazo huishi kwa kujinakili ndani ya DNA ya mwenyeji wao. Sehemu ya zeta-eta ilikuwa na sura ya kipande kilichowahi kupitia RIP, kikabaki na T na A nyingi kupita kiasi, na wingi huo ndio unaoita methili. Mwaka 2003 maabara hiyo ilipozikusanya sehemu zenye methili kutoka kwenye jenomu nzima, yaani DNA yote ya kuvu, karibu zote zilikuwa mabaki ya transposoni yaliyokwisha kupigwa na RIP.

Wakati huohuo uwindaji wa vimeng'enya vya kazi hiyo ulikuwa ukifika kileleni. Mwaka 2001 maabara ilieleza jeni mbili. Ya kwanza, dim-2, ndiyo inayotoa kimeng'enya kinachobandika methili yote ya Neurospora. Ya pili, dim-5, ingeweza kudhaniwa kuwa nayo inagusa DNA, lakini ilipofahamika ilikuwa inagusa kitu kingine kabisa: protini za histoni, ambazo DNA huzungushiwa kama uzi kwenye kibiringo. Protini ya jeni hiyo, DIM-5 kwa herufi kubwa, hubandika methili kwenye laisini ya tisa, kiungo kimojawapo katika mnyororo wa histoni H3, na bila alama hiyo DNA haipati hata methili moja. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba protini ya tatu, HP1, inahitajika pia, nayo ndiyo inayoisoma alama ya histoni na kumleta DIM-2 mahali pake. Kwa hiyo mnyororo ni huu: marudio huleta RIP, RIP huacha A na T nyingi, A na T nyingi humwita DIM-5, DIM-5 huweka alama kwenye histoni, HP1 huisoma, na mwisho kabisa ndipo methili inapobandikwa kwenye DNA. Ile tuliyoizoea kuiita swichi ni hatua ya mwisho ya safari ndefu. Karibuni kwa maswali.

Kiungo Tatu

Ndugu Msomadarubini, nakushukuru kwa uzi huu. Hata hivyo kuna jambo halijanikaa sawa. Ikiwa kila kilichoandikwa mara mbili kinaharibiwa, jeni za ribosomu zinasalimikaje, wakati kila kiumbe kinazihitaji kwa nakala nyingi? Na tulifundishwa kwamba jeni mpya huzaliwa kwa jeni ya zamani kujinakili, kisha nakala moja ikachukua kazi nyingine. Je, kuvu hii imejifungia mlango huo?

Msomadarubini

Ndugu Kiungo Tatu, umeuliza mambo mawili na yote ni mazito. Jeni kubwa za ribosomu hukaa pamoja katika eneo moja la kromosomu, nakala zaidi ya mia moja zikifuatana, na eneo hilo kwa kiasi kikubwa huepuka RIP. Jeni za 5S zinasalimika kwa sababu nyingine: ni fupi mno, herufi 120 tu, ilhali RIP huhitaji marudio ya takriban herufi 400 yakiwa jirani, au elfu moja hivi yakiwa mbalimbali, na nakala hizo ziwe zinafanana kwa zaidi ya asilimia 80. Zikishatofautiana kupita hapo, mkaguzi hazitambui tena kuwa ni kitu kimoja.

Kuhusu swali la pili, ndiyo, mlango umefungwa kwa kiasi kikubwa. Jenomu ya Neurospora ilipochapishwa mwaka 2003, ikiwa na herufi milioni 40 hivi na jeni karibu 10,000, ilionekana kuwa na jeni chache sana zinazofanana kwa karibu, na haikupatikana transposoni hata moja nzima. Kuvu imelipa gharama kubwa ili iishi bila wavamizi. Transposoni iliyo hai, iitwayo Tad, ilipatikana katika aina moja ya mwituni iliyokusanywa Adiopodoumé, nchini Kodivaa, na ilipopitishwa kwenye kujamiiana nayo ikaonja RIP.

Daktari wa Mimea

Naomba niongeze kutoka upande wa magonjwa ya mazao, kwani RIP si ya Neurospora peke yake. Kuvu iitwayo Leptosphaeria maculans, inayoozesha mashina ya kanola, zao la mafuta, ina jenomu ambayo takriban theluthi yake ni maeneo mapana yenye A na T tele, nayo ni makaburi ya transposoni zilizopigwa na RIP, kama jenomu yake iliyochapishwa mwaka 2011 ilivyoonyesha. Jambo la kututia hofu sisi wa shambani ni kwamba jeni ambazo kuvu huzitumia kushambulia mmea zimekaa katikati ya makaburi hayo, na RIP humwagikia jirani. Jeni iliyoandikwa mara moja tu, kwa kuwa imepakana na marudio, hupata mabadiliko isiyostahili kuyapata. Mmea uliozalishwa ili uitambue protini ya jeni hiyo hauitambui tena, na aina ya kanola iliyokuwa na kinga inaugua. Kinga ya kuvu dhidi ya transposoni imegeuka kuwa njia ya kuikwepa kinga ya mmea.

Asumini

Mwalimu Msomadarubini, mimi nina swali la urithi. Nimesoma kwingi kwamba methili hubeba kumbukumbu ya mazingira kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto. Je, kuvu inathibitisha jambo hilo?

Msomadarubini

Dada Asumini, kwa Neurospora ningesema kwa uangalifu kwamba ushahidi unaelekea upande mwingine. Kumbuka jaribio la mwaka 1987: methili ilifutwa yote, ikarudi palepale kwa sababu herufi ziliiita. Kumbukumbu katika kisa hicho iko ndani ya DNA yenyewe, na methili inaisoma tu.

Lakini kuna kuvu nyingine inayotuonyesha kinyume chake kwa namna ya kushangaza. Cryptococcus neoformans, inayosababisha homa ya uti wa mgongo kwa watu wenye kinga dhaifu, inacho kimeng'enya kinachoendeleza methili iliyokwisha kuwepo, lakini haina kile cha kuianzisha upya. Maabara ya Hiten Madhani huko San Francisco ilionyesha mwaka 2020 kwamba kimeng'enya cha kuanzisha kilipotea katika ukoo huo makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, na tangu hapo methili imekuwa ikinakiliwa kizazi hadi kizazi, huku uteuzi wa asili ukiilinda isififie. Ukiondoa kimeng'enya cha kuendeleza kisha ukakirudisha, methili hairudi kamwe kwa wingi wake. Kwa hiyo urithi wa kweli wa methili upo, na unaweza kudumu mno, ila huo si sawa na kusema kwamba njaa au mfadhaiko wa mzazi umeandikwa kwa mtoto. Naomba tuyatenganishe madai hayo mawili kila tunapojadili, kwa sababu mengi yanayosambazwa kuhusu epijenetiki yanatokana na kuyachanganya.

Jiwe la Pembeni

Nimefuatilia kwa heshima, lakini nina pingamizi. Hamira haina methili ya DNA kabisa. Binadamu anayo lakini hana RIP. Neurospora ina vyote viwili, lakini haihitaji methili ili iishi. Kwa nini basi tuchukue mnyororo wa kiumbe kimoja cha pekee na kuufanya kuwa somo kwa viumbe vyote?

Msomadarubini

Pingamizi lako ni la haki, Ndugu Jiwe la Pembeni, na sehemu yake naikubali bila masharti: mwanzo wa mnyororo, yaani RIP, ni mali ya kuvu, na hakuna anayedai kuwa umo ndani ya binadamu. Kilichosafiri ni ile sehemu ya katikati. Mwaka mmoja tu baada ya dim-5, uhusiano wa namna hiyohiyo kati ya laisini ya tisa ya histoni H3 na methili ya DNA ulionekana kwenye mmea wa Arabidopsis, na baadaye ukaonekana kwa panya pia katika baadhi ya maeneo ya jenomu. Mimea na panya waliachana na kuvu zamani mno, na bado histoni na DNA zao zinazungumza. Hilo lisingewezekana kuonekana mapema hivyo kama kiumbe cha kwanza kuchunguzwa kingekuwa kinakufa kila kinapoguswa.

Na kuhusu kutoihitaji, kuna jambo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Kuvu isiyo na dim-2 hukua vizuri. Kuvu isiyo na dim-5 hukua kwa shida, kwa kusitasita, na sahani zake hazifanani. Zote mbili hazina methili ya DNA, kwa hiyo ugonjwa wa dim-5 hauwezi kutokana na methili. Sababu yake moja ilifahamika karibu mwaka 2015: laisini ya tisa ikikosa alama yake, alama nyingine ya kunyamazisha, ile ya laisini ya 27, huacha makao yake na kuhamia kwenye maeneo yaliyoachwa wazi. Watafiti walipoiondoa na hiyo alama ya pili, kuvu ikapata nafuu ya kiasi. Sehemu ya ugonjwa, basi, ilitokana na alama iliyokaa mahali pasipo pake, na hapo tumerudi kwenye swali langu la mwanzo la mahali.

Mwanafunzi wa Pili

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili na ninaomba kueleweshwa jambo dogo. Ikiwa methili haibadilishi herufi, nyinyi mnaionaje?

Msomadarubini

Marahaba, mwanangu, wala si jambo dogo. Njia ya zamani, ambayo mimi bado naipenda kuliko zote, hutumia vimeng'enya viwili vinavyokata DNA penye herufi GATC. Kimoja, Sau3AI, hukataa kukata iwapo C ya hapo ina methili. Cha pili, DpnII, hakijali methili hiyo, kinakata tu. Unaigawa DNA ya kuvu moja katika sehemu mbili, unaikata kila moja kwa kimeng'enya chake, unazipitisha kwenye jeli ili vipande vidogo vitangulie na vikubwa vibaki nyuma, kisha unahamishia kwenye utando na kutafuta kipande chako kwa kipande kingine cha DNA kilichotiwa alama kinachoshikana nacho. Pasipo na methili, mistari ya pande mbili inalingana. Penye methili, upande wa DpnII una mistari ya vipande vifupi iliyo chini, na upande wa Sau3AI una mistari ya vipande virefu iliyokwama juu.

Njia ya sasa hutumia kemikali ya bisalfaiti, ambayo huigeuza C isiyo na methili isomeke kama T na kuiacha yenye methili ilivyo, kisha DNA yote husomwa herufi kwa herufi. Njia hiyo inakupa ramani ya jenomu nzima, lakini kwa mtu anayeanza ningeshauri aifanye kwanza ile ya jeli, kwa kuvu ya kawaida na kwa kuvu isiyo na dim-2 zikiwa bega kwa bega. Mistari ya juu iliyokuwepo kwenye ya kwanza inatoweka kwenye ya pili, na utaiona tofauti hiyo kwa macho yako bila kompyuta yoyote.